Karatasi ya Damu Inaposema Una Malengelenge

Mwezi wa Februari, saa mbili asubuhi, kabla sijafungua dirisha la dawa, walifika zahanati kwetu mume na mke. Mume aliingia ndani. Mke alibaki kwenye benchi la nje, amejifunika kanga mpaka usoni. Nilimwamkia yule mume, "Shikamoo kaka." Hakuitikia. Alitoa mfukoni karatasi mbili zilizokunjwa, akaziweka juu ya meza na kusema, "Mdogo wangu, wewe umesoma. Soma hapa, uniambie huyu mwanamke ameanza lini."

Karatasi zile zilitoka maabara moja ya mjini. Mke alikwenda huko kwa sababu ya mgongo, uliokuwa ukimsumbua tangu wakati wa palizi. Akashauriwa apime "vyote" kwa sababu siku hiyo bei ilikuwa imepunguzwa. Akapima vyote. Majibu yalipotoka aliambiwa ana hepesi, yaani malengelenge ya sehemu za siri, akaambiwa pia amlete mumewe. Mume akaenda, akapima, akaambiwa yeye hana. Basi wakarudi kijijini na karatasi mbili, na njia nzima hawakusemeshana.

Karatasi ya mke ilikuwa na mistari mitatu. HSV-1 IgG: anayo, zaidi ya 30. HSV-2 IgG: anayo, 1.6. HSV IgM: anayo. Ya mume ilikuwa na mistari miwili tu. HSV-1 IgG: anayo. HSV-2 IgG: hana, 0.3.

Nami, ndugu msomaji, nilikosea. Chuoni tulifundishwa kwamba ugonjwa unapoingia, IgM hutangulia na IgG hufuata. Nikaona hiyo IgM, nikakumbuka darasa, nikajibu upesi kama mwanafunzi anayetaka kumfurahisha mwalimu. Nilisema, "Inaonyesha maambukizo ni mapya." Mume alikunja karatasi zake, akaniambia asante, akatoka. Jioni ile mke alirudishwa kwa wazazi wake, mtoto mdogo mgongoni, safari ya kilomita 14.

Naandika ukurasa huu kwa sababu ya sentensi yangu ile moja. Wenyewe wameniruhusu niandike, bila kutaja majina wala kijiji.

Tuanze na ugonjwa wenyewe

Hepesi huletwa na virusi vya namna mbili. Cha kwanza, kinachoandikwa HSV-1, hupenda mdomo. Wewe unakifahamu hata kama hujui jina lake. Mtu akiugua homa kali, siku ya pili au ya tatu anatokwa na malengelenge kwenye midomo, nasi husema malaria imetokea mdomoni. Hiyo si malaria. Ni HSV-1 iliyokuwa imelala, homa ikaiamsha. Wengi wetu tuliipata utotoni, kwa kubusiwa na shangazi au kwa mate ya watoto wenzetu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 watu bilioni 3.8 wenye umri chini ya miaka 50 walikuwa nayo, yaani watu 64 katika kila 100. Kwa hiyo karatasi inayosema una HSV-1 inakuambia jambo ambalo hata jirani yako, mwalimu wako na padri au shehe wako huenda wanalo. Si habari ya kuvunjia nyumba.

Virusi vya pili, HSV-2, hupenda sehemu za siri na huambukizwa kwa kujamiiana. Shirika hilohilo lilikadiria watu milioni 520 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa navyo mwaka 2020, wanawake wengi kuliko wanaume. Wengi wao hawajui. Wengine hupata mwasho kidogo au mchubuko mdogo wanaodhani umeletwa na wembe au jasho. Wachache hupata vidonda vya kuuma sana, mitoki kinenani na homa.

Jambo la kukumbuka ni kwamba HSV-1 nayo inaweza kushika sehemu za siri, kwa njia ya mdomo. Damu haisemi imekaa wapi. Damu husema tu kwamba ipo mwilini.

Na tusichanganye na mkanda wa jeshi. Mkanda wa jeshi nao huitwa hepesi katika vitabu vya tiba, lakini ni kirusi kingine kabisa, kilekile cha tetekuwanga. Kipimo tunachokizungumza hapa hakihusiki nacho. Nimewahi kupokea bibi mmoja aliyelia kwa aibu kwa sababu kijana wa duka la dawa alimwambia mkanda wake ni "hepesi." Bibi wa watu, mjane wa miaka mingi!

Sungusungu wa mwili

Kipimo cha damu hakitafuti virusi vyenyewe. HSV hujificha katika mishipa ya fahamu, ile ya mdomo karibu na sikio, ile ya sehemu za siri chini ya uti wa mgongo. Haizunguki katika damu kama vimelea vya malaria. Ndiyo maana maabara haiwezi kuiona kwa kutoboa kidole. Inachotafuta ni kingamwili, yaani walinzi ambao mwili umewatengeneza ili kupambana na kirusi hicho.

Wale wa kanda yetu wanaelewa sungusungu. Mwizi akionekana, yowe hupigwa. Wa kwanza kutoka ni kila mwenye fimbo, mbio, gizani, bila mpango. Hao ndio IgM. Baadaye kijiji huweka walinzi maalumu wanaoijua sura ya mwizi yule, wakakaa zamu miaka mingi. Hao ndio IgG.

Sasa tazama mahali nilipokosea. Mimi nilidhani ukiwaona wenye fimbo barabarani, basi mwizi ameingia usiku huohuo kwa mara ya kwanza. Lakini wenye fimbo hutoka tena kila mwizi yuleyule wa zamani anapochungulia. Hutoka hata yowe likipigwa kijiji cha jirani. Kwa hepesi mambo ni hivyohivyo. IgM inaweza kuonekana kwa mtu mwenye virusi vya miaka 20 vilivyoamka kidogo. Inaweza kuonekana kwa sababu ya HSV-1 ya mdomoni. Inaweza kuonekana kwa mtu asiye na kitu. Kwa hiyo wataalamu wa magonjwa ya zinaa wanasema wazi kwamba IgM ya hepesi isitumiwe kuamua lolote kwa mtu mzima. Mwongozo wa matibabu wa Marekani wa mwaka 2021 unasema hivyo. Ukiwa na karatasi yenye mstari wa IgM, upitie kama unavyopita tangazo la sabuni.

Hayo niliambiwa kwa simu na daktari mmoja mzee wa wilayani, siku tatu baada ya mke yule kuondoka. Sikuwa nimelala vizuri. Nilimsomea mistari yote mitatu. Akanyamaza, kisha akaniuliza, "Namba ya pili ulisema ngapi?" Nikamwambia 1.6. Akasema, "Kijana, rudi kwa watu hao."

Kwa nini namba ni muhimu

Kipimo cha IgG hutoa namba. Kwa vipimo vingi vya aina hii, chini ya 0.9 huhesabiwa kuwa hana. Kati ya 0.9 na 1.1 haijulikani. Juu ya 1.1 karatasi huandika anayo. Mtu akiona "anayo," haangalii tena namba. Hapo ndipo penye mtego.

Fikiri umeamka asubuhi baada ya mvua, ukaona nyayo katika matope shambani. Je, ni za mbuzi au za kondoo? Zinafanana mno. Kama ni nyingi na zimezama vizuri, mfugaji atakuambia kwa uhakika. Kama ni moja tu, tena nusu, atabahatisha. Na kama mbuzi wengi wamekanyaga mahali hapo, unaweza kuona wayo mmoja uliopinda ukadhani kondoo naye alipita. HSV-1 na HSV-2 ni kama mbuzi na kondoo. Kipimo hutafuta tofauti ndogo kati ya nyayo zao. Mtu mwenye HSV-1 tangu utoto, kama walivyo wengi wetu, ana matope yaliyokanyagwa sana. Namba ndogo ya HSV-2, kama 1.3 au 1.6 au 2.4, inaweza kuwa ni wayo wa mbuzi uliopinda.

Ndiyo maana mwongozo ule wa 2021 unataka kila jibu la "anayo" lililo chini ya 3 lithibitishwe kwa kipimo cha pili cha namna nyingine kabla ya kuliamini. Hapa Afrika Mashariki tuna sababu zaidi ya kuwa waangalifu. Uchunguzi uliofanywa Rakai, Uganda, na kuchapishwa mwaka 2004 ulionyesha kwamba kipimo kinachotumika sana huko Marekani kilikosea zaidi kwa damu za watu wa Rakai. Kilifanya kazi vizuri tu walipopandisha kiwango cha kusema "anayo" kupita 3. Kipimo kinachotazamwa kama mwamuzi wa mwisho kiliendelezwa katika Chuo Kikuu cha Washington, Marekani. Hakifanyiki zahanati, wala wilayani.

Pia namba si kipimo cha ukali. Mwenye 12 haugui kuliko mwenye 5. Namba kubwa inasema tu kwamba walinzi wapo, bila shaka.

Hesabu ya punje za mahindi

Wasomaji wengine mtauliza, kipimo kizuri kinawezaje kukosea watu wengi? Chukua punje 100 za mahindi, uzipange mezani. Mimi nilifanya hivyo na akina mama waliokuja kliniki, wakaelewa kabla sijamaliza.

Tuseme punje 20 ni watu wenye HSV-2 kweli, na 80 hawana. Tuseme kipimo kinawapata wote 20, lakini kati ya kila watu 20 wasio nayo kinamsingizia mmoja. Basi katika wale 80 kitasingizia wanne. Jumla ya watakaoambiwa wanayo ni 24, na wanne kati yao wamesingiziwa. Mmoja katika kila sita.

Sasa chukua punje 100 nyingine, za watu ambao ni watano tu wenye virusi. Tuseme ni vijana ambao wengi hawajaanza mambo ya kujamiiana. Kipimo kilekile, kosa lilelile. Kitawapata wale watano, na katika 95 waliobaki kitawasingizia karibu watano. Watakaoambiwa wanayo ni kumi, na nusu yao hawana!

Kipimo hakijabadilika. Waliobadilika ni watu tuliowapima. Kwa hiyo kumpima mtu asiye na dalili yoyote, kwa sababu tu bei imepunguzwa, ni kutafuta ugomvi. Jopo la wataalamu wa kinga huko Marekani lilitoa pendekezo mwaka 2016 na kulirudia mwaka 2023, kwamba vijana, watu wazima na wajawazito wasio na dalili wasipimwe damu kutafuta hepesi ya sehemu za siri. Kama nchi yenye maabara kila mtaa inasema hivyo, sisi tunaouza debe la mpunga ili tupime tuna haraka gani?

Akina mama wale waliniuliza swali ambalo sikulitegemea. Mmoja alisema, "Daktari, na kile kipimo cha kaswende tunachopimwa hapa kliniki, nacho husingizia?" Kwanza nilimwambia mimi si daktari, ni mganga wa zahanati mwenye cheti. Kisha nikamjibu. Kipimo cha kaswende cha kutoboa kidole ni lazima mjamzito apime, kwa sababu kaswende hutibika kwa sindano ya penisilini na humwokoa mtoto. Lakini kina tabia moja. Mtu aliyekwisha tibiwa akapona, kipimo hiki huendelea kuonyesha "anayo" karibu maisha yake yote, kwa kuwa walinzi hawaondoki zamu. Kwa hiyo mama aliyetibiwa zamani aseme, aonyeshe na kadi yake.

Jibu la "hana" nalo si la kushangilia upesi

Mwezi wa Machi alikuja kijana mmoja dereva wa bodaboda. Alikuwa na malengelenge yaliyopasuka, vidonda vidogo vingi mahali pamoja, maumivu ya kutembea. Alikuwa navyo kwa siku tano. Siku ya tatu alikuwa amekimbilia mjini kupima damu, akapewa karatasi ya "hana." Akaifunga kwenye plastiki kama leseni yake.

Ndugu msomaji, walinzi wa zamu hawapatikani kwa siku tatu. IgG huchukua wiki kadhaa kuonekana, na kwa watu wengine hadi wiki 12 au zaidi kidogo. Karatasi yake ilikuwa sahihi kwa siku ile. Haikumhusu kirusi aliyeingia wiki iliyotangulia. Mtu mwenye kidonda asipime damu kwanza, aonyeshe kidonda. Kidonda kibichi ndicho shahidi mzuri. Kwenye hospitali zenye uwezo huchukua majimaji ya kidonda kwa kijiti cha pamba na kutafuta kirusi chenyewe. Kwenye zahanati tunatazama, tunauliza, tunatibu kufuatana na dalili. Vidonda vya sehemu za siri tunavitibu hepesi kwa vidonge vya asaiklovia na kaswende kwa sindano, maana macho peke yake hayawezi kuvitenganisha kila mara.

Asaiklovia hufupisha siku za vidonda, hasa mtu akianza mapema. Haimfukuzi kirusi mwilini. Hakuna dawa inayomfukuza mpaka leo, iwe ya hospitali au ya mitishamba. Anayekuuzia sindano za "kusafisha damu" anasafisha mfuko wako. Mke niliyemtaja mwanzoni alikuwa amekwisha kuuziwa sindano tatu kati ya kumi kabla hajafika kwangu.

Karatasi isiyojua kalenda

Sasa narudi kwenye swali la yule mume, "ameanza lini?" Tuseme namba ya mkewe ingekuwa 9 na si 1.6. Tuseme angekuwa nayo kweli, bila shaka yoyote. Bado karatasi isingejibu swali lake.

IgG haijui kalenda. Mtu wa wiki 16 na mtu wa miaka 16 hutoa jibu moja. Mwanamke anaweza kuwa nayo tangu kabla hajaolewa, akakaa miaka kumi bila kuona kidonda, na mumewe asiipate miaka yote hiyo, kwa sababu kirusi hakipiti kila siku. Au mume anayo, lakini yeye hajapimwa. Au mume anayo, kipimo kikamkosa, kwa maana vipimo hukosa pia upande huo. Karatasi haisemi aliyeleta. Haisemi siku. Haisemi mtaa wala nyumba ya wageni. Mwenye kuisoma hivyo anasoma wivu wake mwenyewe.

Wanaume wenzangu tusikasirike nikisema hili. Katika miezi michache niliyokaa na suala hili sijaona mwanamume hata mmoja aliyerudishwa kwao kwa ajili ya karatasi.

Siku ile baada ya simu ya daktari mzee nilifunga zahanati saa tisa, nikapanda baiskeli. Nilimkuta mume majaruba, anazibua mfereji. Nilimweleza kwamba nilimjibu vibaya. Nikamweleza IgM, nikamweleza 1.6, nikachora nyayo kwenye tope kwa kidole. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaniambia, "Wiki hii umesema hivi, wiki iliyopita ulisema vile. Wiki ijayo utasema nini?" Sikuwa na jibu zuri. Nilimwambia kwamba wiki ijayo nitasema hivihivi, na kwamba yeye asiniamini mimi, aamini kipimo cha pili. Kisha nikamwuliza kama yeye hutokwa na malengelenge mdomoni akiugua homa. Akasema ndiyo, tangu darasa la tatu. Nikamwonyesha mstari wa kwanza kwenye karatasi yake mwenyewe, penye "anayo." Aliutazama muda mrefu. Nadhani hakuwa amewahi kuusoma.

Kwa wazazi wa mke nilifika giza limeingia. Mama yake alinipa kiti lakini hakunipa maji. Nilimwomba radhi binti yake mbele yake na mbele ya baba mtu. Mke aliuliza jambo moja tu: kama sindano zile tatu zitamdhuru mtoto anayenyonya. Nikamwomba anionyeshe vichupa. Vilikuwa vitamini.

Mtu mwenye HSV-2 kweli afanye nini?

Kwanza asijione amekufa. Kwa watu wengi vidonda hupungua mwaka hadi mwaka. Anapohisi mwasho au kuchomachoma mahali palepale, asijamiiane mpaka ngozi ipone kabisa. Kirusi kinaweza kupita hata ngozi ikiwa nzima, kwa hiyo kondomu husaidia siku zote, ingawa haizuii kabisa kwa kuwa haifuniki kila mahali. Hakiambukizwi kwa choo, shuka wala ndoo ya kuogea. Mama mkwe asitenge vyombo.

Pili, apime VVU. Mwenye HSV-2 akikutana na VVU yuko katika hatari ya kuambukizwa karibu mara tatu ya asiye nayo, kwa sababu vidonda ni mlango. Hapa kanda ya ziwa wanawake waliofanya kazi katika baa na nyumba za wageni walishiriki katika uchunguzi ambao majibu yake yalichapishwa mwaka 2008. Walipewa asaiklovia kila siku ili ionekane kama kutuliza hepesi kutazuia VVU. Haikuzuia. Kwa hiyo vidonge hivyo visihesabiwe kuwa ni kinga ya VVU, hata kama rafiki yako amekuambia hivyo.

Tatu, mjamzito. Hapa ndipo hepesi inapoweza kuua, maana mtoto mchanga hana nguvu ya kupambana nayo. Hatari kubwa ni kwa mama anayeipata kwa mara ya kwanza miezi ya mwisho ya mimba. Kwake, watoto 30 hadi 50 katika 100 wanaweza kuambukizwa wakati wa kuzaliwa. Kwa mama aliyekuwa nayo tangu zamani ni chini ya mtoto mmoja katika 100, kwa sababu mama humpa mtoto walinzi wake tumboni. Mama mwenye hepesi ya zamani asikimbie kliniki kwa hofu. Amwambie muuguzi mapema. Akipata vidonda uchungu unapoanza, aende hospitali yenye upasuaji, asingoje nyumbani. Na baba ambaye mkewe ni mjamzito, akijua ana vidonda au aliwahi kuwa navyo, asimsogelee bila kinga miezi hiyo ya mwisho. Mwenye malengelenge mdomoni asimbusu mtoto mchanga, hata akiwa ni bibi yake.

Kipimo cha pili

Tulingoja wiki 12, ili kama kulikuwa na jambo jipya lionekane. Mwezi wa Mei, mpunga ulipovunwa, wote wawili walisafiri kwenda maabara ya hospitali kubwa ya mkoa yenye kipimo cha namna nyingine. Walipanda basi moja, viti tofauti. Hayo aliniambia kondakta, ambaye ni binamu yangu, nami sikumwuliza.

Sikuwaona tena kwa siku kumi na moja. Kisha siku ya kupima uzito wa watoto, mke alikuja kwenye foleni, mtoto wake mgongoni. Zamu yake ilipofika alimweka mtoto kwenye mzani. Kilo tisa na nusu. Nilipokuwa nikiandika kwenye kadi, alifungua pindo la kanga, akatoa karatasi mbili na kuzinyoosha juu ya meza kwa viganja vyake.

"Isome," akasema. "Safari hii polepole."

Nikasoma mstari kwa mstari, kidole juu ya karatasi, sauti yangu isikike na yeye tu. HSV-1, anayo. HSV-2, hana. Ya mumewe, vilevile. Akaniambia nisome tena, nami nikasoma tena. Kisha akauliza kama amebakiza chanjo yoyote ya mtoto. Nikamwambia ile ya surua ya pili, mtoto akifika miezi 18.